Nyayo Juu ya Salfa

Mwezi wa saba, Newala. Mikorosho imepulizwa alfajiri
na njia ya nyuma ya shule imelala njano.
Pita hapo mara moja tu, Somoe, peku,
kabla baiskeli za wauza maandazi hazijaifuta.

Usicheke. Nina futi kamba ya Bi Fadina mshona sare,
nina Dadi na simu yake yenye ufa kiooni,
nina daftari lililobakiwa na kurasa nne.
Funga leso puani. Haya.

Umepita. Ukungu umekumeza kwenye kona.
Nimepiga magoti, nasoma.

Wa kulia umetua vyema, vidole vitano vinahesabika.
Wa kushoto, kisigino kimechimba shimo
kama mtu aliyekamata breki mteremkoni.
Futi kamba inasema unaitupa hatua
mbali kuliko mwili wako ulipo,
unaigonga ardhi kabla hujaifikia,
na ardhi hujibu kila hodi:
jibu lake hupandia kwenye muundi.

Najua. Mimi nilisifiwa miguu mirefu.
Waliokaa kandokando ya uwanja walipiga vigelegele,
hakuna aliyeinama.
Maumivu yalianza kama punje ya mchanga ndani ya soksi.
Nikayafunga kitambaa, nikakimbia nayo
hadi mashindano ya Masasi, nikashika nafasi ya pili.
Kisha Ndanda, daktari akainua picha dirishani:
ufa mwembamba kama unywele juu ya mfupa.
"Pumzika," alisema.
Sikujua neno fupi namna ile linaweza kuchukua miaka miwili.

Jioni tunaitazama simu. Dadi amepunguza mwendo
mpaka unaelea, mguu mmoja hewani,
uso umekunjwa kama unadaiwa.
Unajionea aibu. Unauliza,
"Mbona bega la kushoto limepanda?"

Ni ndoo, mdogo wangu.
Tangu darasa la tatu ulipandisha maji kutoka bondeni,
ndoo kichwani, mkono wa kushoto ukiizuia isiyumbe.
Bomba limefika mwaka juzi.
Bega halijapewa habari.

Nimehesabu mara tatu: hatua mia na hamsini na nane kwa dakika.
Tuongeze nane, si zaidi.
Fupi, nyingi, mguu utue chini ya nyonga,
viganja vilegee kana kwamba umebeba yai la kanga.
Usiutafute utepe kwa kidole gumba,
utepe utakuja kifuani wenyewe.

"Unataka nikimbie kama bata."
Ndiyo. Bata hapelekwi Ndanda.

Lakini wiki ya tatu ukawa mzito,
ukachelewa sekunde kumi na moja kwenye mita elfu tatu,
ukavua kiatu ukanitupia.
Nilikiokota. Nilitazama soli yake, mazoea mabaya,
ilikuwa imelika upande uleule.
Sikuwa na la kusema. Huenda nimekosea hesabu.
Huenda ninakunyoosha wewe
kwa kosa lililonipinda mimi.

Ulirudi Jumatatu. Hukuomba radhi, nami sikuomba.
Ulisema tu, "Usiku muundi haukuniamsha,"
ukaanza kuruka pale pale kujipasha moto,
ukihesabu kwa sauti, kwa Kimakonde,
namba zinazokwenda haraka kuliko za kwangu.

Leo wamepuliza tena. Nyayo zako zimekaa karibu karibu,
kisigino cha kushoto kimegusa tu, kimeondoka.
Nimeandika kwenye ukurasa wa mwisho: afadhali.
Bega bado.

Ulipotokomea kwenye ukungu nilivua viatu.
Hatua sita, si zaidi, pembeni ya zako.
Kisha nikageuka, nikainama kujisoma:
mguu wa kushoto umezama, wa kulia
haukuacha hata alama ya kisigino.
Mfupa umeunga. Mguu bado unauliza
kama kuna mtu anatazama.